Kimo cha Fundi

Nyumba aliyotuhamishia mwanangu haiko wima. Sisemi hivi kwa chuki, nasema kwa timazi. Asubuhi moja, wiki ileile tuliyohamia, nilipanda kiti nikaning'iniza timazi langu kwenye kona ya sebule, na uzi ulipotulia niliona ukuta unaukimbia kuelekea chini, upana wa kidole gumba kizima. Nikagonga lipu kwa kifundo cha kidole. Ikaitika kama kibuyu.

"Bibie," nikamwita mke wangu, "njoo uone kazi ya hawa wanaojiita mafundi."

"Inaanguka?" akauliza kutoka jikoni.

"Haianguki. Imepinda."

"Basi ikianza kuanguka niite. Nina chungu motoni."

Nikachungulia. Chungu kilikuwa kimeepuliwa zamani, moto umezimwa. Mke wangu alikuwa amesimama dirishani, viwiko juu ya kizingiti, anatazama barabara.

Mimi ni mwashi. Nasema "ni" ingawa nimestaafu, kwa sababu daktari aliyestaafu huitwa daktari hadi anapozikwa, na sioni mwashi ana dhambi gani. Nilianza kwa kubeba zege kichwani. Jioni, wenzangu walipokwenda kwenye karata, mimi nilinawa mikono nikaenda masomo ya watu wazima, nikajifunza hesabu, nikajifunza kusoma mchoro wa nyumba na mwisho kuuchora mwenyewe. Nyumba yetu ya kule mlimani niliichora kwa mkono huu na kuijenga kwa mkono huuhuu, chumba baada ya chumba. Ukiweka gololi kwenye sakafu yangu inabaki pale ulipoiweka mpaka wewe mwenyewe uichoke.

Tuliihama kwa sababu ya mguu wa mke wangu. Aliteleza kwenye njia ya mteremko akirudi kutoka hospitali, akavunjika juu kidogo ya kifundo. Mwanangu anafanya kazi kwenye kampuni ya bima, nami humwita Afisa, zamani kwa fahari, siku hizi kwa sababu nyingine. Afisa alisema mama yake hawezi kupanda mlima na mguu wa plasta, akatutafutia nyumba ya chini, tambarare, karibu na kwake. Nilikubali kwa muda. Neno hilo, "kwa muda", nililisema mbele ya watu.

Mguu ukapona. Mke wangu akawa anatembea kuliko mimi. Nikamwita Afisa nikamwambia alete gari, tunarudi.

"Mzee, nimeshapata mpangaji wa kule," akasema. "Anaingia mwisho wa mwezi."

"Nyumba ni yangu."

"Ni yako, sibishi. Tufanye hivi. Mama akisema mrudi, kesho asubuhi nawapandisha na vyombo vyenu. Akisema hapana, namwingiza mpangaji. Si nyinyi ndio wenye nyumba? Mkubaliane."

Nikacheka moyoni. Tangu nimwoe mwanamke yule hajapata kunikatalia jambo. Nilichohitaji ni neno moja litoke kinywani mwake kabla ya mwisho wa mwezi: turudi.

Lakini siku zilipita na neno halikutoka. Nilidhani anaomboleza kama mimi. Maana mimi nilikuwa naomboleza, sioni haya kusema. Mwili wangu ulikuwa umehamia lakini mkono wangu ulibaki kule. Nikiingia chumbani ulikwenda wenyewe kulia kutafuta swichi, ukakuta ukuta mtupu. Nikitaka maji niligeuka kushoto, nikajikuta nimefungua mlango wa choo. Jirani wa upande wa pili akikohoa, nilisikia mpaka kohozi linavyokata shauri. Chakula hakikunipanda. Basi nilipomwona mke wangu amejikunyata dirishani, nilijiambia: maskini, anatafuta kwa macho njia ya kwetu.

Siku moja nikaona nimsaidie kulisema. Nikaingia jikoni.

"Bibie, hupakumbuki nyumbani?"

"Nyumbani wapi?" akasema, bila kugeuka.

Kabla sijajibu, sauti ya mwanamke ikapanda kutoka barabarani. Ni fundi cherehani, ana kibanda chake upande wa pili wa njia.

"Bi Dirisha! Leo umechelewa kufungua ofisi!"

"Nilikuwa napika, shoga. Ile suruali ya yule mbishi imeishia wapi?"

"Kaja anasema nimeibana. Nikamwambia baba, suruali ni ileile, tumbo ndilo jipya!"

Mke wangu akacheka. Nimeishi naye tangu nina nywele nyeusi, na kicheko kile sikukijua. Kilitoka tumboni kikamtikisa mabega. Nikangoja kiishe.

"Hata kule ulikuwa na dirisha la jikoni," nikamwambia. "Kubwa kuliko hili. Na lilikuwa wima."

"Lile?" Sasa aligeuka. "Lile lilikuwa lako, Fundi."

"Mimi ndiye niliyekuwa napika?"

"Hukupika, ila ulikuwa unaona. Ulikuwa unaingia kunywa maji, unasimama na kikombe, unanihadithia: lori la mchanga linapanda, jirani kapata wageni. Na mimi nimesimama hapohapo ubavuni kwako, natazama tofali. Nikiinua shingo napata kipande cha mbingu. Mvua ikiwa juu naiona. Ikishashuka, basi, naisikia kama wengine walio gizani."

"Ungesema."

"Nilisema. Wiki ya kwanza. Ukanieleza habari za moshi na wezi mpaka mboga ikaungua. Halafu ukaniambia nikitaka kuona nipande ndoo."

"Sikusema hivyo."

"Nikapanda. Siku Afisa alipoondoka kwenda kuanza kazi nilikuwa na sufuria motoni, siwezi kutoka, nikageuza ndoo nikapanda nimwone mwanangu akishuka na sanduku lake. Ndoo ikapasuka kitako. Nikasikia geti tu." Akageukia barabara tena. "Chai yako iko mezani."

Sikumbuki kusema habari ya ndoo. Yawezekana nilisema, yawezekana ni mambo ya wanawake, hukumbuka hata usichosema. Ila dirisha lile halikuwa na kosa. Dirisha la jiko huwekwa juu ili moshi utoke na mkono wa mwizi usiingie, hayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayajua. Na kitabu chetu cha michoro kule masomo ya jioni kilikuwa na picha ya mtu amesimama ndani ya nyumba, kuonyesha uwiano wa mlango, dirisha na dari. Nilipima kila kitu kwa mtu yule. Mtu yule alikuwa na kimo changu. Hakuwa na mke pembeni.

Usiku ule nilipata faraja ya ajabu. Kumbe ni hilo tu! Wanaume wengine hukosana na wake zao kwa mambo yasiyopimika. Langu mimi lilikuwa la kozi chache, yaani safu chache za matofali. Mwashi gani anashindwa na kozi chache za matofali?

Asubuhi nikaingia jikoni na utepe nikapima kutoka sakafuni hadi kizingiti cha dirisha lake.

"Unapima nini?" akauliza.

"Makosa yao."

"Haya. Ukiyamaliza ya kwao, uniambie."

Nilichukua mkoba wangu wa vifaa, nikaaga kwamba naenda kumwona rafiki mgonjwa, nikapanda mlima.

Nyumba ilikuwa imefungwa, ina harufu ya vumbi na mbao. Nilitembea chumba hadi chumba huku mkono wangu ukiwasha kila swichi bila kuniuliza. Kisha nikavua shati nikaingia jikoni. Niliwahi kushusha madirisha ya watu wengi, kazi yenyewe si ngumu ukiijua: juu hugusi, lenta, ile boriti ya zege juu ya dirisha, inabaki inabeba mzigo wake, wewe unakula kwenda chini. Lakini matofali yale niliyafyatua mwenyewe nikiwa kijana, na saruji sikuiibia hata kijiko. Tindo lilidunda kama limepiga reli. Kila pigo lilinirudia begani. Mimi mzee nilikuwa napigana na mimi kijana, na yule kijana alikuwa na nguvu kuliko mimi.

Siku ya pili alikuja Redio. Huyu ni jirani yetu wa nyuma, tulimpa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kitufe chake cha kuzimia.

"Hodi! Nasikia nyundo, nikadhani mwizi. Kumbe mwenye nyumba ndiye anajiibia!"

"Karibu, jirani. Nashusha dirisha."

"La nini? Mpangaji ni mfupi?"

"La mke wangu."

Akachungulia, akatikisa kichwa. "Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe mwenzetu una ukuta, unatafuta ufa! Kwani shemeji anarudi?"

"Akiliona hili anarudi."

"Amesema?"

"Atasema."

"Haya, mwamba ngoma huvutia kwake," akasema, akakaa juu ya mfuko wa saruji na kunieleza habari za mtaa mzima hadi adhuhuri, bila kuinua hata tofali moja.

Nilifanya kazi wiki na ushee. Fundi wa kuchomelea alirefusha vyuma, seremala akarefusha fremu. Kizingiti nilikilaza kwa pima maji, nikakipiga lipu, nikakisugua kwa saruji kavu mpaka kikang'aa kama sahani. Nilikipa upana wa kutosha viwiko viwili. Jambo hilo hakulifikiria mwashi yeyote wa mji huu, mimi nililifikiria. Kila jioni nilirudi chini nimechoka hoi, mke wangu ananitazama mikono.

"Mgonjwa wako anaendeleaje?" anauliza.

"Anapata nafuu."

"Unamwogesha kwa saruji?"

Nikadhani amekisia na anafurahi kimoyomoyo. Nikanyamaza ili nisiiharibu siku yenyewe.

Jumapili ya mwisho kabla ya mpangaji kuingia, nilimwambia Afisa atupeleke. Mke wangu alivaa vizuri, akajipaka mafuta mikono. Kwenye gari alikaa nyuma, mimi mbele, moyo unanienda kama wa bwana harusi. Kipande cha mwisho cha mlima alikipanda kwa miguu bila kushika mkono wa mtu. Nikafungua mlango, nikamtangulia hadi jikoni, nikasimama kando.

"Pita," nikasema. "Simama pale unaposimama siku zote."

Alisimama. Akakitazama kizingiti, akakipapasa kwa kiganja kwenda na kurudi. Akaweka viwiko. Vilikaa sawasawa. Afisa nyuma yangu akasema taratibu, "Mzee, umefanya haya peke yako?" nami sikugeuka, nilikuwa nalitazama bega la mke wangu.

Akasogeza uso mbele, akatazama nje.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Ukuta."

"Ukuta gani?"

"Wako."

Nikasogea. Nilitazama nje, nikaona njia, mteremko, mapaa ya mabati kule chini na gari la Afisa limeegeshwa. Nilitaka kumwambia macho yake yana ukungu. Kisha nikakunja magoti, polepole, mpaka uso wangu ukalingana na wake.

Ulikuwa ukuta wa uani. Niliujenga mwaka mmoja baada ya nyumba, kuzuia mbuzi na macho ya wapita njia, na niliupandisha mpaka chini kidogo ya macho yangu, ili mwenye nyumba aone nje na wa nje wasione ndani. Kwa kimo cha mke wangu ulijaza dirisha lote, pembe kwa pembe. Wiki nzima na ushee nilikuwa nimeutazama kwa juu. Kila nilipoinama niliinama kwa kazi, na anayeinama kwa kazi hutazama kazi. Mistari ya saruji kati ya tofali na tofali ilikuwa imenyooka kama ya daftari. Sijapata kuona ukuta mzuri namna ile ukiwa na faida ndogo namna ile.

"Nitaushusha," nikasema nikiwa bado nimekunja magoti. "Kesho naanza. Kozi nne tu."

"Na nyuma yake?"

"Nyuma yake nini?"

"Kuna banda la kuku la Redio. Utalishusha nalo? Halafu mteremko? Utauambia mlima nao ukae chini?"

Afisa alicheka, kisha akajutia, akatoka nje kama mtu aliyekumbuka kitu kwenye gari.

Mke wangu aliniinua kwa kunishika kwapa, maana magoti yalikuwa yamegoma. "Umefanya kazi nzuri," akasema. "Sikutanii. Tangu umeniletea posa hujanifanyia kitu kama hiki."

"Basi sema turudi."

"Sirudi, Fundi."

"Kwa ajili ya ukuta?"

"Kwa sababu sipendi kukaa hapa. Tangu zamani sikupenda. Nilipovunjika mguu, daktari aliponiambia nisipande mlima, nililia. Wewe ulinibembeleza, ukadhani ni maumivu." Akafuta vumbi la saruji kwenye viwiko vyake. "Twende. Nimeacha nguo juani."

"Mimi nabaki," nikasema.

Nilimpa nafasi. Nilisimama katikati ya jiko langu nikangoja aseme, haiwezekani, mume wangu, utakula nini, utalala na nani. Mwanamke wa kweli angesema hivyo.

"Sawa," akasema.

Nikasikia geti tu.

Afisa alimwambia mpangaji angoje kidogo, akamdanganya kwamba tunapaka rangi. Mimi nililala kwenye godoro tulilolisahau, nikapika kwenye sufuria moja, uji asubuhi na uji jioni. Niliwaza kwamba atachoka mapema. Nani atamfungulia mtungi wa gesi? Nani atamsomea gazeti? Nilitembea ndani ya nyumba yangu, nikawasha swichi zangu, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Lakini nyumba ilikuwa imekwisha. Sijui niseme vipi. Nilijua kila tofali, na hakuna lililonijua. Nilipokuwa kule chini niliililia nyumba hii. Sasa nimo ndani yake, na kile kilio hakikuondoka. Kikanichanganya, kwa maana nilidhani nimekipima vizuri chanzo chake.

"Shemeji hajaja?" Redio alikuwa akiuliza juu ya ukuta kila siku.

"Ana shughuli."

"Mke mwenye shughuli na mume asiye na shughuli," akasema. "Hiyo hesabu yenu ya masomo ya jioni inasemaje?"

Siku aliyosema hivyo, mchana nilimpigia mke wangu simu. Nilikuwa nimeyapanga maneno, mafupi, yenye heshima. Nisingemwomba. Ningemwambia tu kwamba nimelifikiria jambo lake na niko tayari kulizungumza.

"Haloo? Nani?" akasema. Nyuma yake kulikuwa na kelele za barabara.

"Nani tena? Mimi."

"Aah, Fundi! Subiri kidogo."

Nikamsikia akiiweka simu juu ya kizingiti. Kisha sauti yake ikaenda mbali: "Yuko wapi? Yule pale? Na suruali ileile!" Fundi cherehani akapiga ukelele, mtu wa tatu akadakia, mwanamume, muuza mkaa sijui, akasema, "Bi Dirisha, usimcheke, mwenzio kafunga mkanda kwa imani!" Wakacheka wote. Mke wangu akawajibu kitu nisichokisikia, wakacheka tena. Baiskeli ikapita na kengele yake. Mtoto akaamkia, naye akamwitikia na kumuuliza kwa nini hakwenda shule. Nilikaa juu ya godoro na simu sikioni nikisikiliza mtaa mzima ambao haukuwa na habari na mimi. Aliisahau simu. Hakuifanyia ubaya, aliisahau tu, kama mtu anavyosahau kijiko. Nilingoja mpaka salio likakata lenyewe.

Nikamwita Afisa, nikampa ufunguo kupitia dirisha la gari lake.

"Baba," akasema. Hajaniita hivyo siku nyingi. "Kama unataka, naweza kumwambia mpangaji atafute kwingine."

"Usimwambie kitu. Mwambie jiko lina dirisha jipya."

Sikutaka anipeleke. Nilishuka mlima kwa miguu na mkoba wangu wa vifaa begani. Nilipofika barabara ile, fundi cherehani aliinua macho kutoka kwenye mashine yake.

"Shikamoo, mzee. Unamtafuta nani?"

"Nakaa hapa," nikasema.

"Hapa wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Kwa Bi Dirisha? Aa, wewe ndiye mume wake! Nilikuwa nakuona ukipita tu. Karibu sana, baba, karibu mtaani."

Ufunguo wa nyumba ile sikuwa nao. Afisa alitaka kunipa tangu siku ya kwanza, nikamwambia sihitaji ufunguo wa mahali pa kupita. Ikabidi nibishe hodi. Nilibisha mara moja, kwa kifundo cha kidole, kama nilivyogonga lipu yao. Miguu ikaja, si ya haraka. Mke wangu akafungua, akanitazama usoni, akautazama mkoba.

"Karibu," akasema.

Alilisema vizuri, kwa adabu, kama linavyosemwa kwa mtu aliyetoka mbali. Nikainua mguu kuvuka kizingiti.

"Vua viatu, nimetoka kupiga deki."

Nikaegemea ule ukuta uliopinda, nikavivua. Alikuwa ameshageuka kurudi jikoni, kuna mtu alikuwa anamwita kutoka nje. Nilibaki nimesimama mlangoni na viatu mkononi. Siku zote nilizokaa katika nyumba ile sikuwahi kujua viatu vinawekwa wapi, na sikutaka kuuliza.